Inchi Ishirini na Moja na Nusu

...na nusu, ishirini na moja na nusu, haiwezekani, atakuwa ameushika utepe vibaya, umekunjika huko nyuma, akauvuta, akaunyoosha kwa kidole gumba, akauzungusha upya kiunoni mwa mtoto, juu kidogo ya nyonga, pale pale anapopima kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tangu mtoto alipoweza kusimama tuli bila kushikiliwa, akaukutanisha mbele, akainama asome, ishirini na moja na nusu, na mdomoni kabana pini tano, hawezi hata kusema loh, na mtoto kasimama juu ya kigoda, mikono kainyoosha pembeni kama mtu anayepekuliwa getini, anaongea, huyu kuongea hakumwishi, ila leo anaongea kwa vipande kama aliyepanda ngazi mbio, "basi mwalimu wa nyimbo kasema... sisi wa mstari wa mbele... tuvae rangi moja, lakini mshono kila mtu wake... kwa hiyo mimi nataka lenye mifuko, mama, miwili... huku na huku, umenisikia?", mmh, alijibu mama, maana fundi akiwa na pini mdomoni mmh ndiyo lugha yenyewe, yule fundi mzee aliyemfundisha kazi aliwazoesha wanafunzi wake wote kubana pini kwa midomo, si kwa urahisi wa kazi, ni wakose nafasi ya kuwasengenya wateja, na leo anamshukuru yule mzee huko kaburini aliko, maana bila hizi pini angepiga ukelele wa kuwajaza majirani mlangoni, ishirini na moja na nusu, namba anayoijua kuliko siku yake ya kuzaliwa, namba ya mwisho katika daftari la bluu, na chini yake karatasi tupu.

Madaftari ni mawili, la bluu na jekundu. Jekundu ni la huyu, liko wazi pale mezani na penseli juu yake, linamsubiri, maana kila mwezi mama anapima na kutaja, mtoto anashuka kigodani na kuandika mwenyewe kwa mkono wa kulia, na huo mkono wa kulia nao ulifundishwa, alipoanza kushika penseli aliishika kwa kushoto na mtoto wa kwanza hakuwa wa kushoto, ikabidi ihamishwe, kwa upole, mara mia, mara elfu, bila kofi hata moja, hadi mkono ukasalimu amri, sasa anaandika kwa kulia herufi zimelala kama zimechoka, na la bluu ni la wa kwanza, limekaa kwenye droo ya meza ya cherehani chini ya zipu na mabaki ya lastiki, jaladani limeandikwa Chaki kwa wino mzito, na ndani hamna tarehe, fundi hakuwahi kuandika tarehe, aliandika umri, miaka miwili na mwezi mmoja, miaka miwili na miezi miwili, bega, kifua, kiuno, urefu, mstari kwa mstari hadi miaka tisa na miezi tisa, na mistari yote hiyo anaijua kwa moyo, hana haja ya kufungua droo, akisoma utepe mwilini mwa huyu kichwa chake kinasoma daftari la bluu papo hapo, na zikilingana, ee, hapo uso wenyewe humsaliti, anacheka na pini mdomoni, anamshusha mtoto kwa kumbeba kama bado mdogo, anaweka chai na sukari ya kumwaga, siku nzima anaimba, na zisipolingana anaunyoosha tena utepe, anapima mara ya pili, ya tatu, anasema simama vizuri, simama wima, mbona unajilegeza, na mtoto anasimama wima... Na miezi mitatu hii zimelingana. Miaka tisa na miezi saba, ishirini na tatu. Miezi minane, ishirini na mbili na nusu. Akafurahi, mjinga mkubwa, akafurahi mwezi wa kwanza na chai akaweka, mwezi wa pili akafurahi nusu, akajisemea mtoto anarefuka, anachongeka, ndivyo wanavyokuwa, na maneno hayo hayo aliyasema kwa wa kwanza, neno kwa neno, katika chumba kingine, kwenye kigoda hiki hiki, anarefuka, anachongeka, kumbe mtoto analiwa kutoka ndani, damu inajila yenyewe, hivyo ndivyo walivyomwambia hospitali alipompeleka wakati kila mtu anaona isipokuwa fundi mwenye utepe mkononi, na wiki sita baada ya ishirini na moja na nusu akamvalisha gauni aliloshona kwa vipimo hivyo hivyo, la mwisho, na gauni likawa kubwa.

"Mama, ngapi?" Mmh, subiri, mmh. "Mikono imechoka." Shusha basi, akaishusha mikono ya mtoto kwa kiganja, mmoja, wa pili, mikono ya moto, au ni yeye aliye baridi, akamgusa shingoni kama anayeweka sawa kola, hapana homa, wa kwanza naye hakuwa na homa, ugonjwa wenyewe haukuwa na kelele, na paka wa jirani kajilaza dirishani anajilamba, paka kanenepa siku hizi huyo kama mama mwenye nyumba, mtaa mzima wanauliza anakula wapi, na mtoto anamtazama paka halafu anamtazama mama, "usimfukuze, mama, mwache," nani kasema anamfukuza, hana habari ya paka, yeye anahesabu wiki, sita kutoka leo ni lini, shule zitakuwa zimefungwa, hata hizo nyimbo hazitakuwa zimeimbwa... Na alijua. Hapo ndipo pabaya, asijitie hajui, alijua. Daktari wa ghorofa ya nne alimwambia wazi, mtu mwenye mafua yasiyokwisha, leso mkononi muda wote, alimkalisha kwenye kiti cha plastiki akamwambia, "Mama, nikueleze vizuri. Tukimnakili, kitaalamu utapata pacha wake, pacha aliyechelewa. Mwili ule ule. Sasa huo ugonjwa hatujui kama ulikuwa umeandikwa mwilini tangu mwanzo au ulimkuta njiani. Kama uliandikwa, na huyu atakuja nao. Mimi nakupa nusu kwa nusu. Kafikirie, rudi wiki ijayo," na yeye akasema hana haja ya wiki ijayo, karatasi iko wapi, akatia sahihi kabla mwenzake hajamaliza kupenga kamasi, nusu kwa nusu, aliiona nusu moja tu, ile yake, miaka kumi hajawahi kuigeuza karatasi ile aone nusu ya pili ni ya nani, kumbe ni ya huyu aliyesimama hapa anadai mifuko, yeye ndiye aliyetiwa mchezoni bila kuulizwa, na aliyetia ni mama.

Lakini na nani anaulizwa? Hapo kila siku ndipo anapokimbilia, na sasa anakimbilia tena, mikono bado kwenye kiuno cha mtoto, nani aliwahi kumuuliza mtoto kabla ya kumzaa, jirani wa nyuma alizaa wasichana watano akimtafuta wa kiume, hao watano waliitwa waje wenyewe au walipitiwa njiani kama vituo, na yule fundi mzee alisema hadharani, "Nilizaa nipate wa kunishika mkono macho yakiisha," macho yakaisha, na binti akashikishwa mkono miaka kumi na minne hadi akazeekea pale mlangoni, na mama yake yeye mwenyewe, siku moja akichambua mchele, hata kichwa hakuinua, akamwambia, "Wewe nilikuzaa baba yako asiondoke," baba akaondoka vile vile, akabaki yeye, kazi imemshinda kabla hajaota meno, basi wote ni wezi, wote wamezaa kwa ajili ya nafsi zao, yeye kosa lake ni kwamba alijua anamtaka nani, hivyo ndivyo alivyomwambia dada yake, na dada yake ni msusi, alikuwa anasuka kichwa cha mteja, akasimama na nywele mkononi akamwambia, "Mdogo wangu, hao wenzio waliotaka mtoto, akija yeyote wanampokea, wakitaka wa kiume akaja wa kike watanuna wiki wanazoea. Wewe humtaki mtoto, unataka kifo kikuombe radhi," na mteja akalia, "Dada, taratibu basi, ugomvi wenu na mdogo wako, kichwa changu kimeingiaje?", wakacheka wote watatu, walicheka kweli, ndiyo mara ya mwisho kucheka pamoja, maana alipopata mimba alihama mtaa asipate wa kumnyooshea kidole, na dada akaapa kufunga mdomo, ila mlangoni alimwambia, "Utamwambia lini?" Akifika miaka kumi. "Haya. Sasa hivi tu itafika." Na mume, aliyekuwa karani kule kwenye mizani ya malori, mtu wa kupima uzito siku nzima, hakupandisha sauti, alikunja mashati yake akasema, "Mimi nilikuwa na mtoto. Nikamshusha kaburini kwa mikono hii. Huyo anayekuja ni wako, usimwambie nina deni naye," na akaenda, na wala hakumlilia, ashakum, hakuwa na nafasi ya kulia, alikuwa na mimba ya miezi minne na furaha ya kichaa.

Kwa kuwa alitaka jina lake. Hili hajamwambia dada, hajamwambia daktari, hata yeye mwenyewe halisemi ila kwa kulipitia pembeni, leo na liwe, alitaka jina lake, maana miaka saba na ushei mtaa mzima walimwita Mama Chaki, sokoni Mama Chaki, wateja Mama Chaki, tangu siku ile mtoto wa miaka miwili alipotambaa chini ya meza akala chaki ya kuchorea vitambaa, akatoka mdomo wa bluu, meno ya bluu, anacheka, wakampiga picha, na picha hiyo ipo pale ukutani, basi alipokufa watu wakakosa pa kuushikia ulimi, wakifika mlangoni wanasema Mama... wanameza, wanasema fundi, habari za leo fundi, kwa wema tu, wasimtoneshe, na kila alipoitwa fundi ilikuwa kama anafukuzwa kwenye nyumba yake mwenyewe, na mtaa huu mpya siku ya kwanza tu jirani alipouliza mtoto anaitwa nani akajibu Chaki, na jioni ile ile sauti ikapita dirishani, "Mama Chaki, una kiberiti?", akakaa chini sakafuni akalia kwa raha, kiberiti hakutoa, jirani akajua ana roho mbaya. Huyu hajawahi kuonja chaki. Anaichukia, inamkwangua vidole, anasema. Na akiuliza, mama, mbona naitwa Chaki, anaonyeshwa picha, si wewe huyo, ulikula chaki nusu nzima, na mtoto anaitazama picha kwa bidii, anatikisa kichwa, "ee, nakumbuka," anakumbuka nini, hajui kusema hakumbuki, kapewa kumbukumbu ya marehemu kaivaa, akapewa na jina kalivaa, na kigoda, na mkono wa kulia, na magauni yasiyo na mifuko kwa sababu wa kwanza mifuko ilimkera, na kuna ngazi ile ya uani, Mungu mwenyewe anaijua, ngazi ya tatu iliyomeguka, wa kwanza aliwahi kuanguka kwenye ngazi kama hiyo akapata kovu la goti, hapa walipohamia fundi ujenzi alisema nikuzibie hii mara moja, akasema iache, hakumsukuma mtoto, la, nani amsukume mtoto, aliiacha tu ngazi vile vile mwaka mzima akawa anasikiliza... na mtoto hakuanguka. Alipita pale kila siku akiongea. Na yeye, haya, na hili liwe, alimkasirikia kidogo.

"Mama, ngapi sasa, mbona husemi... husemi namba?" Mmh. "Miguu inawasha." Mmh, mmh, na utepe bado ameukutanisha mbele, hauachii, akiuachia namba itakuwa kweli, akiwa bado ameushika ni utepe tu, akatazama kucha yake juu ya mstari mdogo wa nusu, kucha imeng'ang'ania, na hapo ndipo wazo likaja, halikubisha hodi, likaingia kama mwenye nyumba, vichupa viwili. Bado kuna vichupa viwili vya chembe za wa kwanza. Daktari alisema tumetumia kimoja, viwili viko kwenye baridi, haviozi, mama, hata miaka ishirini, na kichwa chake kikaanza kazi mara moja, kichwa cha fundi, kukata na kuunganisha, ana miaka arobaini na minane, mfuko wa uzazi utakuwa umeshafunga duka, atatafutwa wa kumbebea, wapo, atahama tena, mtaa wa tatu, safari hii atawahi hospitali tangu miaka minane, atapima kiuno kila wiki badala ya mwezi, na huyo wa tatu asiachiwe penseli mkono wa kushoto tangu mwanzo, na kuongea, labda huku kuongea apunguze, wa kwanza alikuwa mtulivu, atafikisha miaka sitini mtoto akiwa na kumi na, itawezekana, bibi wangapi wanalea, itawezekana, akahesabu hadi mwisho, akafika, akawa ameshamaliza, na ndipo kidole chake kikahisi kitu kinapiga chini ya utepe, tu, tu, tu, mshipa mdogo wa tumboni, au wa kidole chake mwenyewe, hapana, ni wa mtoto, unapiga kwa haraka.

Yuko hai. Huyu yuko hai, kasimama hapa, anajikuna mguu kwa mguu mwingine, anataka mifuko miwili huku na huku, na mama yake ameshamzika, kachimba, kafukia, kahama mtaa, kamzaa mwingine, kamlea hadi miaka kumi na, na utepe haujatoka kiunoni. Hata hospitali hakuiwaza kwanza. Chupa kwanza. Aliyemlaza wa kwanza mapajani akamwapia kwamba angekufa yeye badala yake, alisema kweli au alisema kwa kuwa hakuna aliyemwambia haya, kufa basi, na kama mtu angeingia pale wodini na kumwambia hulii bure, viko vichupa vitatu, angelia, au angeuliza ni ghorofa ya ngapi? Jasho likamtoka chini ya matiti. Sasa akaona kitu ambacho miaka yote alikuwa anakipita pembeni, kwamba mtu mwenye vichupa haombolezi, mtu mwenye vichupa anabadilisha, na kwamba akifa huyu hapatakuwa na wa kumlilia huyu, huyu mwenye mkono wa kushoto, mpiga soga, mpenda mifuko, atamlilia yule tena, mara ya pili, na huyu atapita kama hakuwahi kuwapo, jina si lake, picha si yake, hata daftari lake linasomwa kwa kuchungulia la mwenzake, amekaa humu ndani miaka tisa na miezi tisa kama mpangaji na hakuna aliyemwambia nyumba ni ya nani. Mpeleke hospitali. Leo. Sasa hivi. Acha gauni, acha wateja wa sare, funga mlango, akavuta pumzi ya puani, pini zikamchoma mdomo wa chini, akahisi chumvi.

Na utepe ukamponyoka. Hakuuachia yeye, ulivutwa, ulikimbia vidoleni mwake kama kitu chenye haraka zake, ishirini na mbili, ishirini na mbili na nusu, ishirini na tatu, ukasimama hapo ishirini na tatu na kitu, na juu yake mtoto anahema, hoo, hoo, mashavu yamelowa jasho, tumbo limetoka mbele, tumbo la kawaida la mtoto, la mviringo, linapanda na kushuka. "Samahani mama, samahani, usisome, nilichoka, ulikaa sana leo. Ngoja. Navuta tena." Mmh? "Navuta tena tumbo, ngoja. Ilikuwa imefika, si ilikuwa imefika? Ishirini na moja na nusu? Mwezi jana ilikuwa rahisi, huu ndio mgumu, hata mkate nimempa paka wiki nzima na wali wa shule nimempa, na bado hadi nivute." Mama hakusikia vizuri, alisikia yote lakini hakusikia, kama maneno yanayotoka redio ya jirani, paka, wali, wiki nzima, na moyo wake ukaruka kwanza kwa furaha, si mgonjwa, si mgonjwa, Mungu wangu mtoto si mgonjwa, anavuta tumbo tu, akataka kumkumbatia na pini zote hizo mdomoni, halafu furaha ikafika mahali ikasimama, ikageuka ikamtazama, anavuta tumbo kwa nini, kaijuaje hiyo namba, nani kamtajia... "Kwenye daftari la bluu," mtoto anasema, kama kwamba ameulizwa, anapanguza jasho la pua kwa mkono wa kushoto, "nilikuwa natafuta zipu ya mdoli nikaliona. Lile ulilonitengenezea. Limeandikwa Chaki juu. Umeniandikia kila mwezi natakiwa niwe ngapi, tangu nilipokuwa na miaka miwili, na mimi nilikuwa sijui, ndiyo maana mwanzo nilikuwa nakosea unanuna. Sasa nafuata."

Pini tano. Akazihesabu kwa ulimi, moja, mbili, akajua akizitoa atalazimika kusema kitu, na hakuna kitu, yote aliyoyatunza akayaweka tayari kwa siku ya miaka kumi, ulikuwa na dada, binti yangu, dada aliyekutangulia, maneno laini aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo, hayafai kitu hapa, mtoto keshasoma ukweli wenyewe bila kuambiwa, kausoma sawasawa kuliko mama, kwamba ameandikiwa, kwamba mistari ilikuwapo kabla yake na kazi yake ni kuifikia, na akaifuata kwa njaa, kwa kumlisha paka, mstari kwa mstari, anashuka ishirini na tatu, ishirini na mbili na nusu, anashuka na mama anaweka chai, na mstari huo unakwenda kaburini na mtoto hajui, yeye anaona ni namba tu na mama atacheka. Ugonjwa si wa damu. Ugonjwa ni huu hapa ulioshika utepe. Hata kama haukuandikwa mwilini, ungemkuta njiani, na njia yenyewe ni mimi... Akatoa pini ya kwanza akaichoma kwenye kimto cha mkononi. Ya pili. Paka akaruka kutoka dirishani, mzito, akaanguka uani puu. Ya tatu ikamwangukia chini, hakuitafuta. Mtoto juu ya kigoda akajiweka wima, mabega nyuma, akanyoosha mikono pembeni tena, akavuta tumbo ndani hadi mbavu zikajichora chini ya shimizi, na utepe ukalegea kiunoni, ukaning'inia mikononi mwa mama. "Haya, soma sasa, haraka," kwa sauti ya mtu asiye na pumzi, "halafu mama... mwezi ujao umesahau kuniandikia. Nimetafuta hadi nyuma ya daftari. Niwe ngapi?"

"Pumua," mama akasema, pini mbili bado mdomoni, damu kidogo kwenye mdomo wa chini, "pumua, mwanangu," na mtoto akamtazama usoni kwanza, kwa makini, akitafuta kama kanuna, na tumbo bado kalibana.